Kokwa Tisini za Talanon

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili lawama zisimwangukie kijana. Mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu siku.

Tunaishi Mahachai, mimi na mjukuu wangu Talanon, chumba cha ghorofa ya tatu kwenye jengo la vyumba vya kupanga, nyuma ya soko la samaki. Sisi ni Wamon. Kwetu ni ng'ambo, upande wa Burma, na hapa Thailand tunakaa kwa pasipoti na viza za kazi. Mimi namenya kamba wa baharini kwenye banda, yeye anabeba barafu kiwanda cha samaki wa makopo. Na kila siku tisini mgeni lazima aende ofisi ya uhamiaji akaseme kwamba bado yupo na bado analala pale pale. Wanampa kijikaratasi chenye tarehe ya kurudi, wanakibana kwa pini ndani ya pasipoti. Ukichelewa ukajipeleka mwenyewe, unalipa faini, unafokewa, unarudi nyumbani. Lakini ukikamatwa barabarani na tarehe imepita, unawekwa ndani, na ukishawekwa ndani wanaanza kukuchambua kama mchele.

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Tarehe za Kithai hazinikai kichwani, miaka yao ina hesabu yake na miezi ina majina marefu. Kwa hiyo nilikuwa na njia yangu. Kwenye rafu ya Buddha niliweka vikombe viwili vya bati, cha buluu changu, cheupe cha Talanon. Kila tukitoka kuripoti, natia kokwa tisini za ukwaju katika kila kimoja. Asubuhi nikishaweka wali wa sadaka, natoa kokwa moja huku na moja huku. Zikibaki saba namwambia, "Talanon, omba ruhusa kazini." Miaka minne hatukuwahi kukosea.

Jirani yetu Mi Pakao, mwanamke wa makamo, fundi cherehani wa chumba cha kando, alikuwa akinicheka sana.

"Bibi, watu wana simu zinazolia zenyewe, wewe unahesabu kama unacheza bao!"

"Simu yako ililia lini ukaisikia? Cherehani yako inapiga kelele kuliko treni."

Basi tulikuwa tunaishi hivyo.

Kokwa zilipobaki thelathini, ikaja habari kwamba mwanangu Nai Sorn, baba yake Talanon, amekufa kwa homa kijijini. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya mpaka, mwendo wa pikipiki nusu siku kutoka kwenye zile pagoda tatu, minara ya Buddha iliyoko mpakani. Na kwetu mtu akifa, mwanawe wa kiume hunyolewa nywele, akavaa joho la mtawa, akalitangulia jeneza. Mtu asiyetanguliwa na mwanawe ni kama aliyeondoka bila kuagwa. Nai Sorn alikuwa na mtoto mmoja tu.

Mimi miguu haikubali safari ile. Talanon akasema, "Nakwenda, Bibi."

Kulikuwa na njia ya halali. Unaomba kibali cha kutoka na kurudi, unapita kwenye daraja kubwa la mpakani, unagongewa muhuri. Lakini daraja liko mbali na kwetu, barabara yake imejaa vizuizi vya jeshi, na maiti haingoji foleni. Njia ya watu wa kwetu ni ndani ya mashamba ya mipira, ile miti ya kugemwa utomvu. Unashuka basi, unatembea saa mbili chini ya miti, umefika ng'ambo. Wazee wanapita, wauza mboga wanapita, ng'ombe wanapita. Pasipoti akaniachia mimi, maana ikikupotea njiani umekwisha.

Alikaa siku nane. Alirudi kichwa kimenyolewa, kimya, amekonda shingo. Usiku wa kwanza hakusema neno. Kesho yake, anakula wali na mchuzi wa samaki, akaniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba baba yake alizikwa vizuri. La pili, kwamba siku ya tano askari walikuja kwa mkuu wa kijiji na karatasi ya majina ya vijana wanaotakiwa jeshini. Wakayasoma kwa sauti uwanjani. Jina lake lilikuwa la nne.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nimekaa na watawa, Bibi, nimevaa joho. Askari alipita karibu yangu akanisalimia kwa heshima." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Hakujua kwamba anamsalimia namba nne."

Tangu siku ile nilijua kwamba mjukuu wangu hawezi kurudi tena kijijini. Watu wanasema anayefukuzwa hapa anakabidhiwa kwenye daraja, na vijana wanaokabidhiwa darajani wanapakiwa malori ya jeshi hapo hapo. Mimi sikuona kwa macho. Lakini mwana wa Mi Htaw, mwanamke anayemenya kamba karibu yangu bandani, alifukuzwa mwezi wa pili, na mama yake mpaka leo anapiga simu isiyopokelewa.

Sasa ndipo nilipokosea. Mi Pakao alikuja kutoa pole, akakuta natoa kokwa. Akauliza, "Hiki cheupe si cha Talanon?"

"Ndicho."

"Basi unajisumbua. Mtu akitoka nje ya nchi, hesabu ya zamani imekufa. Inaanza upya siku aliyorudi. Mimi mwaka jana nilikwenda kwetu kwa ndege, niliporudi nikakimbilia uhamiaji na kijikaratasi changu cha zamani, yule bibi wa dirishani akanicheka. Akaniambia, rudi nyumbani mama, siku zako tisini zimeanza jana."

"Una hakika?"

"Bibi! Nimeambiwa na serikali mdomoni!"

Na kweli, alichoambiwa ndivyo sheria ilivyo. Yeye hakudanganya. Nikamshukuru. Nikamwaga kokwa ishirini na mbili zilizobaki, nikatia tisini mpya kwenye kikombe cheupe. Nikaona afadhali, kijana ana msiba, apumzike na foleni.

Siku zangu zilipofika nilikwenda ofisini peke yangu. Niliketi kwenye kile kiti cha plastiki, nikapewa kijikaratasi kipya, nikanunua ndizi za kukaanga, nikarudi nimefurahi. Kumbe siku ile ile ndiyo ilikuwa ya Talanon pia.

Kokwa zake zilipobaki thelathini na tatu, kiwanda kikataka nakala za pasipoti kwa ajili ya kadi mpya za kazi. Talanon aliniachia yake akaenda kazini, nami nikampelekea Mi Pakao aniandalie, kwani yeye ana simu ya kupiga picha karatasi. Akafungua ukurasa, akapiga. Akafungua mwingine, akapiga. Kisha akaanza kurudi nyuma, kwenda mbele, kurudi nyuma.

"Bibi, muhuri wake wa kuingia uko wapi?"

"Muhuri upi?"

"Wa kurudi. Aliporudi msibani."

"Alipita kwenye mipira."

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Kwenye mipira," akasema. "Bila pasipoti?"

"Pasipoti nilikuwa nayo mimi."

Akaiweka mezani taratibu, kama kitu cha moto. "Bibi yangu. Hesabu inaanza upya kwa muhuri. Pale mpakani wanakugongea umetoka, wanakugongea umeingia, kompyuta inaandika. Huyu kwenye kompyuta hajatoka hata siku moja. Hesabu yake ni ile ile ya zamani."

Akafungua kile kijikaratasi kilichobanwa na pini, akasoma tarehe kwa kidole, akahesabu kwenye kalenda ya ukutani.

"Siku thelathini na tano, Bibi. Amepitisha siku thelathini na tano."

Nilikaa chini. Sikuona kiti, nilikaa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa. Nikawaza zile asubuhi zote thelathini na tano, natoa kokwa, naweka wali, namwambia nenda salama mwanangu. Anapanda pikapu ya kiwanda, inapita kwenye kizuizi cha polisi cha daraja la mfereji, na mfukoni ana pasipoti yenye kijikaratasi kilichokufa. Mimi ndiye niliyemtuma.

Mi Pakao naye alikuwa amekunja uso. "Ni mdomo wangu huu," akasema. "Mdomo wangu na ndege yangu."

"Wewe ulisema kweli. Tufanyeje?"

"Ajipeleke. Faini atalipa, si mtu wa kwanza. Lakini wasijue alitoka. Wakiuliza kwa nini amechelewa na akasema alidhani hesabu imeanza upya, watauliza ulitoka lini, ulipita wapi. Hapo si faini tena. Aliyetoka bila muhuri na kurudi bila muhuri ni mtu aliyeingia kwa magendo. Viza inafutwa."

Sote wawili tulijua viza ikifutwa mtu anapelekwa wapi.

Talanon aliporudi kutoka kazini, tulimwambia. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu. Alikaa kizingitini, miguu yake bado ina maji ya barafu, akasema, "Basi nisiende. Nikae hivi hivi. Wengi wanakaa hivi hivi."

"Wengi gani?" Mi Pakao akamkemea. "Wale wanaolala juu ya dari polisi wakija? Umeona maisha yao?"

"Nimeona. Wako hai."

"Nyamaza we! Una kadi ya kazi mpya inakuja, una pasipoti yenye miaka mitatu mbele, unataka kuitupa uwe panya?"

Nikasema, "Tutakwenda. Mimi na yeye."

"Kesho," Mi Pakao akasema.

Na hapa tena nikakosea. Kesho ilikuwa Jumanne, na Talanon kazaliwa Jumamosi. Tangu kwa mama yangu, Jumanne ile ya mwezi ule si siku ya mtu wa Jumamosi kukabili jambo kubwa. Nikasema tungoje Jumatano.

"Bibi," Mi Pakao akasema, "askari hawaangalii nyota."

"Mimi naziangalia."

Jumanne Talanon akaenda kazini kama kawaida, maana asingeenda wangeuliza. Saa tisa mchana nilikuwa kwenye kibaraza naanika dagaa, nikasikia kelele sokoni, kisha kimya. Kimya cha soko ni kitu kibaya. Nilichungulia nikaona gari la polisi mdomoni mwa uchochoro wetu, na askari wawili wamesimama wanaita watu mmoja mmoja, pasipoti mkononi. Wanafungua, wanageuza kurasa, wanatafuta kile kijikaratasi.

Pikapu ya kiwanda hushusha vijana hapo hapo mdomoni mwa uchochoro, saa tisa na nusu.

Sikuweza kumpigia. Simu huizima na kuiacha kwenye kabati la kazini, na hata akiichukua haiwashi mpaka afike nyumbani. Nilisimama na dagaa mkononi. Mi Pakao akaja akasimama karibu yangu, akanishika nyuma ya blauzi kama unavyomshika mtoto asianguke kisimani.

Pikapu ikaja. Ikasimama. Vijana wakaanza kuruka chini, mmoja, wawili, watatu. Wakapanga mstari. Nilihesabu vichwa. Nilihesabu mara ya pili. Talanon hakuwemo.

"Hayumo," nikasema.

"Labda wamemshusha mbele."

"Au wamekwisha kumchukua."

"Bibi, nyamaza."

Askari wakawakagua vijana, mmoja wakamtoa pembeni, wakampandisha gari lao. Alikuwa mtoto wa watu, sijui wa nani, ana fulana ya manjano. Hakupiga kelele. Aligeuka mara moja tu akaangalia majengo yetu juu, kama anatafuta dirisha. Gari likaondoka.

Talanon alikuja saa moja baadaye kwa mlango wa nyuma, wa takataka. Alikuwa na kiatu kimoja. Aliona gari la polisi kutoka mbali, akaruka pikapu ikiwa inakwenda, akajificha nyuma ya makreti ya barafu kwenye ghala la mtu, akakaa humo mpaka miguu ikafa ganzi. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Nilimfunika blanketi, na kwenye joto lile la Mahachai alitetemeka mpaka magharibi.

Sikusema tena habari za Jumanne wala Jumamosi.

Asubuhi ile ya Jumatano, kabla ya kutoka, Mi Pakao alimwambia Talanon afungue simu yake. "Una picha za huko?"

Alikuwa nazo. Mimi sikuwa nimeziona, alikuwa hajanionyesha. Talanon kanyolewa, joho jipya, anatembea mbele ya jeneza la baba yake, ameshika bakuli. Talanon na wanakijiji mbele ya kibanda cha mkuu wa kijiji. Moja ilikuwa ya uso wa mwanangu ndani ya jeneza, macho yamefumbwa, ua la jasmini kwenye paji.

"Futa," Mi Pakao akasema.

"Hii ya baba pia?"

"Simu ina akili, kila picha imeandikwa ilipigwa wapi na lini. Wakiishika tu, umekwisha."

Talanon akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, futa. Alifuta moja moja. Ya mwisho alikaa nayo, kidole juu, nikafikiri hataweza. Kisha akaifuta. Akaniambia, "Umemwona lakini, Bibi?"

"Nimemwona."

Siku ile ilikuwa siku ya ibada. Siku hizo mimi huvaa blauzi nyeupe na kushika amri za Buddha, na mojawapo ni kutosema uongo. Nimezishika tangu nilipokuwa mjane. Nilivaa ile blauzi kwa mazoea, nikafika katikati ya ngazi ndipo nikakumbuka ninakokwenda. Sikurudi kubadilisha.

Ofisini kulikuwa na watu wengi. Tulichukua namba. Mbele yetu kulikuwa na Mzungu mzee mwenye kaptula, anabishana na bibi wa dirishani.

"Lakini mimi nilikwenda kwetu Krismasi!" alikuwa anasema kwa Kithai kilichovunjika. "Nimerudi tarehe tano!"

"Ndiyo, babu. Kwa hiyo siku zako tisini zinaanza tarehe tano. Hii karatasi ya zamani tupa. Umekuja mapema, nenda ukapumzike."

"Sina deni?"

"Huna deni."

Akaondoka anacheka, anapunga kofia. Nilimwonea wivu.

Namba yetu ikaitwa. Yule ofisa wa dirishani alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, miwani, nywele zimefungwa nyuma. Alichukua pasipoti, akafungua kijikaratasi, akaangalia kompyuta. Akaangalia tena.

"Umechelewa."

"Ndiyo, mama," Talanon akasema.

"Sana. Zaidi ya mwezi. Kwa nini?"

Talanon alifungua mdomo. Tulikuwa tumepanga aseme amesahau. Lakini akageuka akanitazama mimi. Nikajua kwamba akisema lolote pale atasema kweli, maana tangu mdogo hajui kudanganya, hata yai akiiba anakuja kuliombea msamaha.

Nikasogea mbele. "Mimi ndiye ninayehesabu, mama. Ni bibi yake. Sijui kusoma tarehe zenu. Nahesabu kwa kokwa za ukwaju. Nimekosea."

Akaniangalia juu ya miwani. "Kwa kokwa?"

"Ndiyo. Tisini. Zangu sikukosea, zake nimekosea."

Mwanamume wa dirisha la pili akacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anageuza kurasa za pasipoti, polepole, ukurasa kwa ukurasa.

"Kijana alikuwa mtawa?" akauliza. "Nywele zake fupi."

Mimi nilidhani zimeshaota vya kutosha.

"Kiwandani kuna joto," Talanon akasema, sauti ndogo.

Ofisa akaweka pasipoti chini. Akaniuliza mimi, si yeye. "Bibi. Tangu karatasi hii, mjukuu wako ametoka nje ya nchi?"

Nilimtazama machoni. Nilikuwa na blauzi nyeupe, na mikono nimeikunja kifuani kwa heshima, kama tunavyokunja mbele ya watawa.

"Hajatoka," nikasema.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Kila asubuhi nampikia wali mimi."

Ofisa akaandika kitu. Akainuka na pasipoti, akaingia mlango wa ndani, na mlango ukafungwa. Talanon akanishika kidole kimoja, kidole kidogo, vile alivyokuwa akinishika sokoni alipokuwa na miaka minne. Nilihesabu taa za dari. Nilifika kumi na moja, nikaanza tena. Nilikuwa nawaza kama wakimtoa kwa mlango ule mwingine, wa nyuma, nitajuaje ni gari lipi.

Mlango ukafunguka. Ofisa akakaa, akasukuma karatasi ya faini. "Lipa dirisha la nne, urudi hapa." Tulilipa, tukarudi. Akabana kijikaratasi kipya, akaonyesha tarehe kwa kalamu, akaizungushia duara nyekundu.

"Bibi," akasema, "nunua kalenda."

"Nitanunua, mama."

"Akikamatwa safari nyingine, mimi sitakuwepo."

Mpaka leo sijui alimaanisha nini, kama alijua au hakujua. Tulitoka tukatembea mpaka kituo cha pili cha basi. Hapo ndipo Talanon aliposema, "Bibi, umesema uongo siku ya ibada."

"Nimesema."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani mwingine? Panda basi."

Nilidhani imekwisha. Nilinunua hata kalenda, Mi Pakao akaitundika yeye mwenyewe, akachora duara nyekundu kubwa kama chungwa.

Lakini uongo ule haukubaki ofisini. Mwezi uliofuata, ikatimia siku ya mia tangu mwanangu afe. Siku ya mia lazima tulishe watawa na kumwombea, na hekalu letu la Wamon hapa Mahachai siku hizi linarusha ibada kwenye simu, ili walio kijijini nao waone. Watu walijaa. Talanon alikaa safu ya mbele na wanaume. Mtawa mkuu akachukua karatasi ya msiba, akaanza kusoma kwa kipaza sauti jina la marehemu, umri, kijiji, siku ya maziko. Kisha akaniuliza mbele ya watu wote, kama desturi, "Na mwana wa marehemu alivaa joho siku ile?"

Simu ya hekalu ilikuwa juu ya kigoda, imetuelekea. Kila mtu wa kwetu alikuwa ndani ya ile simu, na mkuu wa kijiji pia, na sijui ofisa gani au askari gani.

"Hapana, baba," nikasema. "Mwana hakuwepo. Alikuwa huku kazini."

Watu waliguna kwa huruma. Masikini Nai Sorn, hakutanguliwa. Niliona mgongo wa Talanon. Haukutikisika. Alichukua birika, akamimina maji ya dua kwenye bakuli, tone kwa tone, kama mtu wa nje aliyeombwa kusaidia.

Kisha Mi Pakao akanigusa goti, akanisogezea simu yake chini ya shali. Kwenye ile ibada watu wa kijijini walikuwa wanaandika maneno ya pole, yanapanda moja baada ya jingine. Na katikati yao dada yangu mdogo, Mi Non, mwanamke mwema, ameandika: *Mbona alikuwepo! Nilimwona kwa macho yangu, joho lilimpendeza mtoto wetu Talanon.*

Nilitoka nje kwa magoti, nikipita katikati ya watu, nikijifanya tumbo linaniuma. Nyuma ya jiko la hekalu, wanawake wanakosha masufuria, nikampigia Mi Non.

"Dada!" akasema kwa furaha. "Nimekuona kwenye ibada! Kwa nini umesema mtoto hakuwepo? Umesahau? Nimekwisha kuwaandikia."

"Futa, Non. Futa sasa hivi."

"Kwa nini nifute? Ni sifa yake. Sisi wote tuliona."

"Non. Nisikilize. Wewe uko peke yako?"

Nilisikia kuku wa kwetu. "Kuna watu uwanjani," akasema, sauti imeshuka.

"Kwa hiyo nisikilize. Hukumwona. Uliyemwona ni mtoto wa mtu mwingine, macho yako ni ya kizee. Hakuja. Ukiulizwa leo, ukiulizwa mwakani, hakuja. Waambie na wengine waliokuwepo."

"Alimtangulia baba yake vizuri sana," akasema, karibu kulia. "Nani atamkumbuka kwa hilo?"

Ndani walikuwa wanamaliza dua, nilisikia sauti ya Talanon kati ya sauti za wanaume. Upande wa pili wa simu, dada yangu alikuwa anahema.

"Basi," akasema. "Sikumwona."